Kianzio Kinapogeuka Mshahara

Jumamosi jioni, karakana za samani za Keko jijini Dar es Salaam zinapofagiwa vumbi la mbao, karibu kila aliyeigusa kazi ya wiki hiyo anajua anachodai. Saidia fundi anadai siku zake sita. Mwenye mashine ya kuranda anadai ujira wa mbao alizopitisha. Kijana wa guta alishachukua chake palepale aliposhusha mzigo. Mwenye fremu ana tarehe yake, na umeme wa LUKU ulishalipiwa kabla haujawaka. Asiye na kiwango ni mmoja tu, mwenye karakana, yule aliyepima, akakata, akaunga na kubembelezana na mteja. Yeye huchukua kilichobaki. Kisipobaki kitu, huchukua kilicholetwa kwa ajili ya kazi nyingine.

Mtindo huo umezoeleka kiasi kwamba hakuna anayeuona kuwa na kasoro, na bado sehemu kubwa ya malalamiko ya mjini dhidi ya mafundi inaanzia hapo. Bwana harusi aliyeahidiwa kitanda akakipata baada ya fungate, mama aliyezungushwa miezi mitatu kwa sofa alizokwisha kuzilipia nusu, mzee anayepiga simu isiyopokelewa: wote huondoka na neno moja, kwamba mafundi ni waongo. Neno hilo linawaonea. Fundi asiyejua siku yake ya kazi ni shilingi ngapi hujilipa kwa kianzio cha mteja, na kianzio kikishaliwa, kazi ya mteja huyo haiendi mpaka kije kianzio cha mwingine. Tarehe za uongo zinazaliwa na mshahara ambao haukupangwa.

Ili kuliona jambo hilo vizuri inafaa kusimama pembeni wakati bei inatajwa. Mteja anafika na picha kwenye simu, kabati la nguo la milango mitatu alilolipenda mtandaoni. "Unaweza kunitengenezea kama hili?" Fundi anaikuza picha kwa vidole viwili, anauliza urefu wa ukuta, anachukua penseli iliyo nyuma ya sikio na kuandika tarakimu nne tano kwenye kipande cha ubao. Dakika chache tu, bei imetoka. Ndani yake kuna mbao, bodi za MDF, gundi, misumari, msasa, vanishi, thina, bawaba, vitasa na usafiri. Ufundi pia umo, ila haujaandikwa popote. Ni kile kinachozidi baada ya vyote hivyo, na fundi mwenyewe anakikadiria kwa jicho.

Halafu yanaanza mazungumzo. Mteja anataka kupunguziwa, maana hata angekuwa waziri asingenunua kabati bila kuomba apunguziwe. Ni haki yake. Ila punguzo lina mahali linapokatwa, na mahali hapo ni palepale siku zote. Muuza mbao hatapunguza kwa sababu ya mteja asiyemjua. Duka la vifaa lina bei yake. Saidia hawezi kuambiwa kwamba wiki hii siku yake imeshuka kwa sababu dada mmoja wa Tabata alikuwa hodari wa kuomba. Shilingi inayopunguzwa yote inatoka kwenye ujira wa mtu mmoja.

Chukua hesabu ya mfano. Fundi ametaja laki tisa. Vifaa vyote ni shilingi 520,000, mashine na usafiri 50,000, saidia wa siku sita kwa 10,000 kila siku ni 60,000, na sehemu ya pango na umeme inayoiangukia kazi hiyo ni 30,000. Jumla 660,000. Kinachobaki ni 240,000, yaani 40,000 kwa kila siku ya fundi. Huo ni ujira wa heshima kwa mtu aliyeitumikia randa miaka kumi na tano. Mteja anaomba, anaapa kwamba atamletea wateja wengine, wanakubaliana laki saba na nusu. Kwa mteja lililopungua ni sehemu moja ya sita ya bei. Kwa fundi, 240,000 imekuwa 90,000, na siku yake imeshuka kutoka elfu arobaini hadi elfu kumi na tano. Amekatwa zaidi ya nusu ya malipo yake, naye ametabasamu na kushikana mkono na aliyemkata.

Mambo hayakomi hapo. Mvua inanyesha, vanishi haikauki. Umeme unakatika siku ambayo mashine ilikuwa na zamu yake. Kazi ya siku sita inakuwa ya siku tisa. Saidia amefika kazini siku zote tisa na anadai 90,000. Fundi amebaki na 60,000, chini kidogo ya elfu saba kwa siku. Bwana mkubwa wa karakana, mwenye jina kwenye kibao, amepata pungufu ya kijana anayemshikia ubao, na huenda asijue, kwa sababu hakuna mahali palipoandikwa kwamba alipaswa kupata ngapi.

Sasa kiingie kianzio. Mteja wa laki saba na nusu ametanguliza 450,000. Vifaa peke yake ni 520,000, kwa hiyo hata kama fundi asingegusa senti, kianzio hicho hakimalizi manunuzi. Naye atagusa. Jioni hiyohiyo nyumbani kuna unga, mkaa na mtoto anayekohoa. Anatoa hamsini. Mbao zinanunuliwa, bodi zinasubiri. Jumatatu anakuja mteja wa meza ya chakula na kianzio chake, bodi za kabati zinanunuliwa kwa pesa ya meza, na meza inasubiri mteja wa sofa. Mnyororo huo ukienda vizuri, kila mtu anapata kitu chake kwa kuchelewa kidogo. Wiki mbili zikipita bila mteja mpya, unakatika, na anayeumia ni yule wa mwisho aliyeleta pesa. Karakana ya namna hii huhitaji mteja wa kesho ili kumaliza kazi ya mteja wa jana, na ndiyo maana fundi mwenye kazi nyingi kuliko uwezo wake bado hawezi kumwambia mgeni, "Rudi mwezi ujao." Anakipokea kianzio huku akijua tarehe anayoitaja haiwezekani.

Mahitaji ya nyumbani nayo huja kwa mafungu makubwa. Dar es Salaam imezoea kodi ya nyumba ya miezi sita au mwaka mzima kwa mkupuo. Januari inakuja na ada, sare, viatu na michango ya shule. Msiba haupigi hodi. Mfanyakazi wa kuajiriwa huyakabili haya kwa mkopo unaokatwa kwenye mshahara, lakini benki nyingi zitamwuliza fundi hati ya mshahara ambayo hana. Mkopo wake wa haraka kuliko yote, usio na riba wala fomu, ni kianzio cha mtu. Anapokitumia kulipa kodi ya nyumba hana nia ya kuiba, maana amepanga moyoni kukirudisha kazi nyingine itakapolipwa. Aliyekopeshwa anajua ni mkopo. Aliyekopesha hajui.

Ni rahisi kusema mafundi hawana elimu ya fedha na kuishia hapo, kama semina nyingi zinavyoishia. Ukweli una tabaka zaidi. Fundi wa mjini anao mshahara wa aina fulani, ila hupangwa nyumbani badala ya kupangwa karakanani. Ni ile hela ya matumizi anayoiacha mezani asubuhi kabla ya kutoka. Kiasi chake kinafuata bei ya sukari, idadi ya watoto na kama kuna mgeni, wala hakijali ugumu wa kazi iliyopo mkononi. Fundi hodari mwenye watoto wawili na fundi wa kawaida mwenye watoto sita wanaweza kufanya kazi ileile kwa bei ileile, na wa pili akajilipa zaidi, kwa sababu nyumba yake imemdai zaidi.

Mchumi wa Urusi Alexander Chayanov aliliona hilo miaka ya 1920, alipochunguza wakulima wanaolima kwa nguvu za familia. Aliona kwamba familia hailinganishi mavuno na mshahara, kwa kuwa hakuna anayelipwa mshahara. Hupima mambo mawili, midomo ya kulisha na uchovu wa mwili, na hufanya kazi mpaka midomo itosheke au mwili ukatae. Ndiyo sababu shamba la familia linaweza kuendelea kulimwa kwa malipo ambayo hakuna kibarua angeyakubali. Karakana ya seremala wa Keko inakwenda kwa kanuni hiyohiyo. Inaweza kuuza kitanda kwa bei ambayo kiwanda chenye kulipa mishahara kingefilisika nayo, na mteja anayefurahia urahisi huo anafadhiliwa na mgongo wa fundi.

Ulegevu huo wa malipo una faida yake, na ni haki kuitaja. Mwezi mbaya unapofika, mwenye karakana ndiye mto unaopokea kishindo. Anakubali kula kidogo ili saidia alipwe, pango lilipwe na jina lisifutike mtaani. Anayemshauri ajilipe kiasi kikubwa kisichobadilika, mvua ije jua lije, anamshauri afunge duka kabla ya mwezi wa tatu. Kwa hiyo suala haliwezi kuwa fundi aige ofisa wa serikali. Anachohitaji ni kiwango kinachojulikana, kidogo kuliko anachopata wiki nzuri, ambacho akikikosa atajua amekikosa na kwa shilingi ngapi.

Kuna ushahidi kwamba jambo dogo kama hilo huleta tofauti. Mwaka 2014 watafiti Alejandro Drexler, Greg Fischer na Antoinette Schoar walichapisha matokeo ya kazi waliyoifanya Santo Domingo, katika Jamhuri ya Dominika, kwa zaidi ya wafanyabiashara wadogo elfu moja waliokuwa wakikopa katika benki moja. Wengine walifundishwa uhasibu wa darasani. Wengine walipewa kanuni chache za kushikika: pesa ya biashara na pesa ya nyumba zikae kwenye droo mbili, na mtu asihamishe kitu kutoka droo moja kwenda nyingine bila kuacha kikaratasi cha deni. Waliofundishwa uhasibu hawakubadilika kwa kiasi cha kuonekana. Waliopewa droo mbili walitunza hesabu vizuri zaidi, na hata mauzo ya wiki mbaya yakawa na nafuu.

Kile kikaratasi cha deni ndicho cha kutazamwa. Hakimkatazi mtu kuchukua pesa ya kazi mtoto akiugua. Kinamlazimisha kuandika kwamba nyumba inadaiwa na karakana, na kesho yake deni hilo linaonekana kwa macho. Fundi wa Keko aliyechota hamsini kwenye kianzio cha kabati angekuwa na ushahidi mdogo uliokunjwa ndani ya droo, unaomwambia kwamba bodi mbili bado hazijapatikana.

Utafiti mwingine, uliofanywa Sri Lanka na Suresh de Mel, David McKenzie na Christopher Woodruff na kuchapishwa mwaka 2009, unasaidia kuelewa kwa nini hesabu za biashara ndogo hupotea njia. Manunuzi ya mwezi mmoja mara nyingi ni ya mauzo ya mwezi mwingine, kwa hiyo anayetoa gharama za Machi kwenye mapato ya Machi anapata jibu lisilo na maana. Seremala anaishi ndani ya tatizo hilo kila siku. Kianzio kimeingia Machi, mbao zimenunuliwa Machi, salio linalipwa Mei, saidia amelipwa kila Jumamosi katikati. Machi fundi alijiona tajiri, Aprili akajiona maskini, na kabati lilikuwa lilelile. Dawa yake ni kuhesabu kazi kwa kazi badala ya mwezi kwa mwezi, kila oda na ukurasa wake kwenye kaunta buku, kuanzia kianzio hadi salio.

Ajabu ni kwamba ufundi mwingine wa mjini umekwisha kulitatua tatizo hili bila mtafiti yeyote. Mwenye gari anayekwenda gereji za Gerezani huambiwa spea ni kiasi gani, ananunua mwenyewe au anampa fundi akanunue, halafu inatajwa pesa ya ufundi, peke yake, na inazungumzwa peke yake. Fundi umeme na fundi bomba hufanya hivyo. Fundi cherehani anayeletewa kitambaa hana njia nyingine: anachouza ni kushona, na kila mtaa unajua bei ya kushona suruali na bei ya kushona gauni lenye bitana. Dereva wa bodaboda ana utaratibu wake. Asubuhi anajua hesabu ya bosi, ile pesa ya kila siku isiyojadiliwa, na kuanzia abiria anayefuata baada ya hesabu na mafuta kutimia, kila shilingi ni yake. Anaweza kukueleza saa nane mchana kama siku imemlipa.

Kinachoshangaza katika mifano hiyo ni kwamba anayetumia chombo cha mtu mwingine huijua thamani ya siku yake kuliko anayemiliki chombo. Dereva akinunua pikipiki yake, hesabu ya bosi inakoma, na mara nyingi nidhamu inakoma pamoja nayo. Pesa yote sasa ni yake, mpaka siku ya kubadilisha tairi na injini. Seremala aliyekuwa akilipwa kwa siku kwenye karakana ya mtu, akijua kila Jumamosi amepata ngapi, anafungua yake na kuanzia hapo hajui tena.

Kwa nini basi seremala asitenge ufundi na vifaa kama fundi gari? Mafundi wenyewe wana jibu, na lina uzito: ukimwonyesha mteja kwamba mbao ni laki tano na mikono yako ni laki mbili, atazishambulia hizo laki mbili. Mbao ameziona sokoni, anaamini zina bei. Mikono haamini. Bei ya jumla humficha fundi asishambuliwe. Hofu hiyo ni ya kweli, lakini jibu lake halilazimu kumfunulia mteja chochote. Ujerumani, ambako mafundi wana mila ndefu ya kufundishwa hadi daraja la ufundi mkuu, hesabu ya bei huingiza mshahara wa kukadiria wa mwenye karakana kama gharama mojawapo, hata kama yeye hajilipi mshahara na hata kama kodi haiutambui. Mteja huona bei moja tu. Anayejua kilichomo ndani ni fundi, na kwa kuwa anajua, anajua pia mahali pa kugoma.

Namba yenyewe ipatikane wapi? Nyumbani siko, kwa sababu mahitaji ya nyumba hayana mwisho na hayahusiani na ubora wa kazi. Pa kuanzia ni kile ambacho karakana nyingine ingemlipa fundi wa kiwango chake kama angekwenda kuajiriwa. Kenya angalau ina pa kuchungulia: amri za serikali za kima cha chini cha mshahara huwataja mafundi kwa madaraja, kuanzia asiye na daraja hadi wa daraja la kwanza. Tuseme namba hiyo ni laki tano kwa mwezi. Wengi wangeigawa kwa siku 26 na kupata elfu kumi na tisa na ushee. Hapo wanajipunja, kwa sababu siku zote 26 si za kukata mbao. Kuna siku za kuzunguka kutafuta mninga mkavu, siku ya kwenda kupima nyumbani kwa mteja, siku ya kudai salio na siku ya kukaa bila oda. Kama siku za kazi yenyewe ni 18, siku moja lazima ibebe kama elfu 28.

Ukirudi kwenye lile kabati, siku sita za 28,000 ni 168,000. Ongeza kwenye gharama za 660,000 na unapata 828,000. Hiyo ndiyo sakafu. Fundi anayeijua ataanza na laki tisa na nusu, atashuka kwa ukarimu wote, na akifika hapo atasimama. Mteja mwenye laki saba na nusu hafukuzwi. Anaambiwa kwamba kwa pesa hiyo kabati litakuwa la milango miwili, au litakuwa la paini badala ya mninga. Ubao ubadilike, ukubwa ubadilike, siku ya mtu ibaki ilivyo. Na kwenye 168,000 hizo fundi hachukui zote. Anajilipa, kwa mfano, elfu themanini kila Jumamosi kama saidia anavyolipwa, na zinazozidi hukaa upande wa karakana zikingoja wiki isiyo na oda na siku ambayo randa ya umeme itaungua.

Kule Kamukunji, Nairobi, msimu hufanya kazi hiyo ya kujipangia ujira iwe ngumu zaidi. Wahunzi wa pale hugonga bati kuwa majiko, mikokoteni na masanduku ya chuma ambayo wanafunzi wa shule za bweni huenda nayo shuleni. Sanduku linauzwa shule zinapofunguliwa, hasa mwanzoni mwa mwaka wanapoingia wanafunzi wapya wa sekondari. Sehemu kubwa ya mapato ya mwaka inaweza kuingia ndani ya wiki chache, na pesa ya wiki chache huonekana nyingi kuliko ilivyo. Mahali hapo si pachanga. Ujumbe wa Shirika la Kazi Duniani uliozuru Kenya na kutoa ripoti yake mwaka 1972 ndio ulioufanya ulimwengu wa sera uwatazame wafanyakazi kama hao kwa heshima, na katikati ya miaka ya 1980 Rais Daniel arap Moi alikwenda mwenyewe kuwaona na kuahidi mabanda. Serikali ilipowatazama iliona jua linalowachoma, ikaleta kivuli. Jinsi mhunzi anavyoigawa pesa ya Januari ili imfikishe Desemba ilibaki juu yake.

Wengi wamejitafutia mbinu. Mchezo, upatu, kibati, chama: jina linabadilika kwa mtaa, kazi ni moja. Fundi anayelazimika kutoa elfu tano kila jioni kwa mshika daftari amejiwekea makato ambayo hakuna mwajiri wa kumkata. VICOBA vimeongeza hisa za kila wiki na mgao wa mwisho wa mwaka, na mwanachama anaweza kukopa kwa ajili ya ada bila kugusa pesa ya mteja. Simu nazo zimesaidia. M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka uliofuata, na leo fundi anaweza kuwa na laini moja ya kazi na nyingine ya nyumba. Safaricom ina huduma ya Pochi la Biashara, inayotenga malipo ya wateja na pesa ya mtu binafsi. Hizo ndizo droo mbili za Santo Domingo katika umbo la simu. Kinachopungua ni kile kikaratasi cha deni, kwa sababu kuhamisha pesa kutoka laini moja kwenda nyingine ni suala la sekunde tano na hakuachi aibu.

Serikali kwa upande wake inamtoza fundi bila kuuliza amejilipa ngapi. Sheria ya Fedha ya Tanzania ya mwaka 2022 iliwawekea wafanyabiashara wadogo binafsi wenye mauzo ya zaidi ya shilingi milioni 11 hadi milioni 100 kwa mwaka kodi ya asilimia 3.5 ya mauzo. Kenya nayo, kwa Sheria ya Fedha ya mwaka 2023, ilipandisha kodi ya mauzo ya biashara ndogo kutoka asilimia 1 hadi 3. Asilimia hizo zinaonekana ndogo mpaka uzipeleke karakanani. Fundi anayetoa makabati mawili kwa mwezi kwa laki saba na nusu ana mauzo ya milioni 18 kwa mwaka. Kwenye kila kabati kodi ni 26,250, na kama ujira wake ulikuwa 90,000, imechukua zaidi ya robo yake. Kwa mchuuzi anayenunua asubuhi na kuuza jioni, mauzo yanaweza kuwa kipimo cha kuridhisha. Kwa fundi, ambaye pesa nyingi inayopita mkononi mwake ni ya muuza mbao, kinamtoza kwa utajiri wa mtu mwingine. Mamlaka zingeweza kuruhusu fundi mwenye risiti za vifaa atozwe kwenye kinachobaki baada ya vifaa, na hapo hapo zingempa sababu ya kudai risiti na kufungua daftari. Kwa sasa anayeandika kila kitu anapata nini cha kumzidi asiyeandika?

Hata uzee unadai namba hiyo. Kenya ilipoanzisha Mpango wa Pensheni wa Mbao mwaka 2011 kwa ajili ya watu wa jua kali, yaani wafanyakazi wa sekta isiyo rasmi, mchango uliwekwa kuwa wa chini kabisa, shilingi 20 za Kenya kwa siku, ili usimshinde mtu. Lakini anayechangia ishirini akiwa hajui kama siku yake ni mia tano au elfu mbili hana njia ya kujua kama anaweka ya kutosha au anajifariji.

Jambo moja fundi hawezi kulimaliza peke yake. Akigoma kwenye 828,000 na jirani yake, hatua ishirini mbele, akakubali laki saba na nusu, mteja atatembea hatua ishirini. Vijiwe vya bodaboda vimepambana na shida hiyo kwa kupatana nauli za njia zinazojulikana, na anayeharibu bei husemwa na wenzake. Karakana zilizopangana kando ya barabara moja, zinazonunua mbao kwa wauzaji walewale na kugombea wateja walewale, zinaweza kukaa na kupatana siku ya fundi isishuke chini ya kiasi gani, bila kugusa bei ya samani yenyewe, ambayo kila mmoja ataipanga kwa ubunifu wake. Kikao hicho hakihitaji mgeni rasmi. Kitahitaji saa nyingi, kwa sababu mzozo utaanza kabla ya kufika kwenye shilingi: waulize mafundi sita kabati la milango mitatu linachukua siku ngapi na mmoja atasema nne, mwingine kumi, na itabidi wachukue daftari na kuanza kuandika, kazi kwa kazi, kuanzia Jumatatu.